Mapigo ya Taifa ni Sabini na Mbili

Katika nchi moja ambayo hatutaitaja jina, si kwa woga bali kwa sababu ipo sheria, moyo wa kila mzee ulianza kupiga rasmi asubuhi redio ilipofunguliwa. Kabla ya hapo ulipiga kwa mazoea tu.

Asubuhi hiyo Bi Sikudhani alikuwa ameitangulia redio. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye kifua cha mumewe, Mzee Mbaruku, katika chumba chao cha Makao ya Wazee, na alichokisikia mle ndani kilimtoa jasho. Kifua kile alikuwa amekilalia tangu ujana wake. Kilikuwa kifua cha refa wa mpira, mtu aliyekimbia na wachezaji tangu kipenga cha kwanza mpaka cha mwisho huku akitukanwa na pande zote mbili, na moyo wake haukuwahi kumwangusha. Uzeeni ndipo ulipoanza kwenda mbio ovyo, akaandikiwa vidonge vya moyo. Ni vidonge vizuri, jamani, tusivionee. Vinausaidia moyo upige kwa nguvu na uache papara. Lakini vina sharti lake: kabla ya kumpa mzee kidonge, unamshika mkono, unautafuta mshipa, unahesabu mapigo. Ukikuta moyo unakwenda taratibu mno, unakirudisha kidonge kwenye kichupa na unamwita daktari. Kwa maana kidonge cha kutuliza moyo, ukimpa mtu ambaye moyo wake umekwisha tulia, kitautuliza moja kwa moja.

Na moyo wa Mzee Mbaruku asubuhi hiyo ulikuwa unajikongoja. Ulipiga, ukanyamaza, ukafikiri, ndipo ukapiga tena. Katikati ya pigo na pigo Bi Sikudhani alipata nafasi ya kumwomba Mungu dua nzima, tangu mwanzo mpaka amina.

"Baba Hidaya," alimwita. Hidaya alikuwa mtoto wao pekee, aliyekwisha tangulia mbele ya haki, na jina lake lilibaki kwenye vinywa vyao wawili tu. "Unajisikiaje?"

"Chakula cha jana kimekwama hapa," Mzee Mbaruku alijibu akionyesha koo. "Na hiyo taa, mbona mmeivisha kilemba?"

"Kilemba gani?"

"Cha manjano."

Bi Sikudhani aliitazama taa. Ilikuwa taa ile ile ya makao, yenye alama za nzi, haina kilemba wala kofia. Kabla hajasema neno, baragumu lililia redioni, na sauti nzito iliyoshiba ikafuata:

"Wananchi, na wazee wetu wapendwa! Mapigo ya Taifa asubuhi ya leo ni sabini na mbili. Narudia, sabini na mbili. Vidonge vitolewe!"

Na katika makao yote ya wazee, kutoka milimani hadi mpakani, vidonge vikaanza kutolewa.

*

Hapa yafaa tueleze kidogo, maana wageni wakisikia habari hii hufikiri tunawatania.

Kulitokea wakati fulani, katika makao fulani, muuguzi akatoa kidonge cha moyo bila kupima mapigo, na mzee akafa. Serikali ilihuzunika mno, ikaunda Tume ya Usalama wa Vidonge vya Moyo katika Makao ya Wazee. Wajumbe walikwenda nchi za baridi kutazama jinsi wazee wa huko wanavyomeza. Walirudi na makoti. Kisha wakajifungia hotelini, wakala, wakatafakari, wakala tena, na wakatoka na ugunduzi ambao dunia nzima ilikuwa haijaufikia: hatari yote ya vidonge hivi inatokana na ukweli kwamba kila mzee ana mapigo yake mwenyewe. Huyu yako hamsini, yule themanini, wa tatu yanapanda akimwona mjukuu na kushuka mjukuu akiondoka. Katika fujo kama hiyo, muuguzi ataachaje kukosea? Tume ikapendekeza tofauti zifutwe. Nchi iwe na mapigo ya namna moja, yapimwe mara moja, kwenye mkono mmoja usiotiliwa shaka.

Hakuna aliyeuliza mkono wa nani.

Mlezi Mkuu wa Nchi aliupokea mzigo huo kwa unyenyekevu. Kila asubuhi daktari wake alipiga magoti, akaushika mkono, akahesabu. Sabini na mbili. Siku Mlezi alipofiwa na mama yake mzazi, sabini na mbili. Siku alipoupanda mlima mrefu kuliko yote nchini, akisukumwa kwa nyuma na kikosi cha wahandisi, alifika kileleni na sabini na mbili zake. Wako watu wenye roho mbaya waliouliza inawezekanaje. Watu hao wako semina hadi leo.

Kuhusu mikono mingine yote nchini, sheria haikuacha mwanya. Kumshika mzee mshipa ni kupima kiholela, na kupima kiholela ni kosa. Kila mzee alizungushiwa utepe kwenye kifundo cha mkono, ukagongwa lakiri ya serikali. Wauguzi, ambao vidole vyao vilikuwa vimezoea kushika kitu kabla ya kutoa kidonge, walielekezwa kuviweka juu ya redio.

*

Pelagia, muuguzi wa zamu, aliingia akisukuma kigari cha dawa chenye redio juu yake. Alikuwa na sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," Bi Sikudhani alisema, akasimama kati ya kigari na kitanda. "Leo usimpe."

"Mama, mapigo ni sabini na mbili."

"Ya nani?"

Pelagia aliutazama mlango kwanza. "Ya Taifa."

"Mimi nakuuliza ya huyu. Njoo uweke sikio hapa. Kifuani hawajagonga lakiri."

Pelagia aliinama kidogo kama mtu anayenusa sufuria ya jirani, kisha akajiinua haraka. "Mama, usinifanyie hivyo. Mwenzangu Domitila alimshika mshipa bibi wa chumba cha mwisho, mara moja tu, tena kwa kusahau. Yuko semina mpaka sasa. Watoto wake wananiita mimi mama."

"Basi kidondoshe. Vidonge si hudondoka?"

"Kikidondoka lazima niripoti. Nikiripoti wanakuja."

"Pelagia! Moyo wake unasimama njiani! Unanisikia? Unasimama!"

"Nakusikia, mama," Pelagia alisema, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Ndiyo maana naomba usiseme kwa sauti."

Mzee Mbaruku alinyoosha mkono wake wenye lakiri. "Mwache binti wa watu, Siku. Kibarua chake kikiota nyasi, tutapata muuguzi mwingine mbaya zaidi. Lete, mwanangu."

Pelagia aliweka vidole viwili juu ya redio, akafumba macho, akahesabu kitu ambacho hakipo, akampa kidonge. Mzee alimeza. Bi Sikudhani alilitazama koo la mumewe likipanda na kushuka.

Siku hiyo hiyo alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwa wakubwa.

*

Ofisi ya Mapigo ya Wilaya ilikuwa jengo safi lenye zulia. Ukutani palitundikwa picha kubwa ya mkono wa Mlezi Mkuu, kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kucha, katika fremu yenye nakshi, na mgeni alitakiwa kuuamkia kabla ya kuketi. Bi Sikudhani aliuamkia. Angeuamkia hata mguu, siku ile, kama ungemsaidia.

Afisa Mapigo, Bwana Sadoki, alikuwa kijana mnene wa adabu nyingi.

"Shikamoo mama. Karibu sana kwenye nyumba ya moyo. Tukusaidie nini?"

"Marahaba baba. Mume wangu moyo wake unakwenda polepole mno. Naomba wamsimamishie kidonge mpaka urudi kwenye mwendo wake. Sitaki kingine chochote hapa duniani."

Bwana Sadoki alitabasamu kama mwalimu wa chekechea. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, na hapo Bi Sikudhani alijua kwamba ataongea kwa muda mrefu.

"Mama yangu mpendwa. Katika nchi zilizokosa uongozi, mioyo ya raia hujiendea tu. Mmoja huku, mwingine kule, ni vurugu, ni aibu! Sisi tumevuka huko. Moyo wa raia wetu hauwezi kuchelewa. Unaweza tu kuwa haujalisikia vizuri tangazo. Je, redio ya makao inasikika?"

"Inasikika mpaka barabarani."

"Basi tutaongeza sauti. Kuna jingine?"

Hapo Bi Sikudhani alichanganyikiwa. Aliona mlango ukimsubiri, akaanza kumwaga kila alichokuwa nacho, ovyo ovyo, kama mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua. Akasema hali chakula. Akasema anatapika. Akasema kizunguzungu. Bwana Sadoki alikuwa ameanza kuitazama saa yake, mpaka Bi Sikudhani aliposema, "Na kila akitazama taa anaona manjano. Duara la manjano kuizunguka."

Saa ikasahauliwa. "Manjano?"

"Ndiyo, baba."

"Manjano ya namna gani? Kama ndizi, au kama dhahabu?"

Masikini mama wa watu. Alidhani hatimaye amepata sikio la kumsikiliza, akataka kulieleza jambo vizuri ili lieleweke. "Kama dhahabu, mwanangu," alisema. "Inang'aa kabisa, kama pete."

Laiti angesema ndizi! Maana Mlezi Mkuu, kwenye hotuba yake ya mwaka, alikuwa ameahidi kwamba neema ya dhahabu iko njiani, na kwamba kabla ya mwaka kwisha atatokea mwananchi wa kawaida atakayeiona kwa macho yake. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha. Maafisa nchi nzima walikuwa wanahangaika kumtafuta mwananchi huyo, na wengine walishaanza kufunga mizigo.

Bwana Sadoki aliuinamia mkono wa ukutani, akamgeukia Bi Sikudhani akiwa ametokwa na machozi. "Mama," alisema, "umeniokoa."

*

Alikuja na ujumbe, matarumbeta na mpiga picha. Chumba kilijaa mpaka wengine wakasimama kwenye dirisha. Mzee Mbaruku alikuwa ameketishwa kwa mito, midomo imemkauka.

"Mzee wetu," Bwana Sadoki aliuliza kwa sauti ya msikitini, "unaona nini?"

Mzee Mbaruku alikuwa mtu ambaye hajui kusema lisilokuwepo. Kasoro hiyo ilimgharimu mengi katika kazi yake ya kipenga. "Naona manjano," alisema.

Makofi!

"Tena naona watu wengi wanaonizuia hewa."

Makofi zaidi.

Bwana Sadoki aliwaeleza wageni kwamba mbele yao wako macho ya kwanza ya neema. Kilichoyafungua macho hayo, alisema, si kingine ila kidonge, kinachotolewa kwa usalama, kwa kufuata Mapigo ya Taifa. "Na kama kidonge kimoja kimemfikisha hapa," aliuliza akinyanyua mikono, "viwili vitamfikisha wapi?"

"Kaburini!" Bi Sikudhani alipiga kelele kutoka kwenye kona alikosukumwa. Lakini matarumbeta yalikuwa yamekwisha anza.

Basi ikawa viwili. Na kwa kuwa neema si ya mtu mmoja, wazee wote wa makao walioandikiwa vidonge hivyo waliongezewa. Mzee aliyesema haoni kitu aliongezewa ili aone. Wajanja waliosema wanaona dhahabu tele, nao waliongezewa ili waone vizuri zaidi. Bibi mmoja alisema anaona fedha, akidhani atapata nafuu ya katikati. Akaletewa vitatu.

Aliletwa pia Mkaguzi wa Vinywa, mtu mrefu mwenye tochi na kijiti, kazi yake kuhakikisha hakuna kidonge kinachobaki shavuni. Aliwaambia wazee watoe ndimi, akamulika, akapekua, akasema, "Kinywa safi," na kwenda kwa mwingine. Kinywa tu ndicho alichokagua. Uso hakuutazama, kwa kuwa uso ulikuwa wa idara nyingine.

Na hili Bi Sikudhani aliligundua.

Asubuhi iliyofuata alimketisha mumewe kwenye kiti chake yeye, akamfunika kanga yake ya kichwani, akavaa kofia ya mumewe na kulala kitandani, shuka imepanda mpaka puani. Kwa macho, hata mbuzi asingedanganyika. Pelagia alifika, akatazama kitanda, akatazama kiti. Akaweka vidole juu ya redio. Kisha akasema, kwa sauti ya kila siku, "Fungua mdomo, babu," na Bi Sikudhani akafungua.

Mkaguzi alimulika. "Kinywa safi."

Hivyo ndivyo alivyoanza kummezea mumewe moyo. Mzee Mbaruku hapo mwanzoni alikuwa mgonjwa mno hata kujua yuko kitini au kitandani. Lakini siku zilipokwenda, moyo wake ulianza kuzinduka. Bi Sikudhani alipoweka sikio, hakupata tena nafasi ya dua nzima, alipata nusu, halafu robo. Siku moja mzee akaomba uji. Siku nyingine akalalamika kwamba uji wenyewe hauna sukari, na Bi Sikudhani aliingia bafuni akalia kwa furaha mpaka akashika ukuta. Kizunguzungu kilikuwa kimeanza kwake. Hakukijali.

Ila mzee naye akili zilimrudi.

"Siku," alimwita asubuhi moja, akiwa kwenye kiti, kanga kichwani. "Hicho kilichokuwa kinaingia kinywani mwako ni nini?"

"Nyamaza, Baba Hidaya."

"Hiyo ni faulo."

"Faulo au si faulo, unakula uji."

"Wewe moyo wako mzima! Unautia kidonge cha nini?" Mzee aliivuta ile kanga kichwani. "Mke wangu, unataka nibaki na nani?"

"Na mimi nilitaka kubaki na nani?" Bi Sikudhani alijibu kwa ukali. Wakakaa wameshikana mikono, lakiri kwa lakiri, wazee wawili wanaogombania nani afe.

*

Bwana Sadoki alirudi na ujumbe mkubwa kuliko wa kwanza. Safari hii alikuwamo Msaidizi wa Mlezi, mwanamume mkavu aliyevaa miwani nyeusi, aliyetumwa kuja kuisikia dhahabu kwa masikio yake.

Bi Sikudhani aliwaona wakiteremka kwenye magari. Alimkimbilia mumewe, akampigia magoti, yeye ambaye hakuwahi kumpigia magoti mtu.

"Waambie unaona dhahabu. Nakuomba. Sema tu, waende zao."

"Lakini siioni tena, Siku. Macho yamerudi."

"Najua yamerudi! Mimi ndiye niliyeyarudisha! Danganya, mume wangu, mara moja tu katika maisha yako, danganya kwa ajili yangu!"

Mzee Mbaruku alimfuta uso kwa kiganja. Alikuwa na huruma nyingi machoni, na Bi Sikudhani alipoiona huruma ile alijua amekwisha kushindwa. "Sijawahi kukubali goli ambalo sikuliona," alisema. "Nikianza leo, hutakuwa na mume wako. Utakuwa na mzee mwingine tu."

Wakaingia. Bwana Sadoki akasafisha koo. "Mzee wetu, mbele ya Msaidizi wa Mlezi, tuambie. Unaona nini?"

"Naona ukuta," Mzee Mbaruku alisema. "Una nyufa."

Mpiga picha akashusha kamera. Msaidizi wa Mlezi alivua miwani, akazitazama zile nyufa, akavaa tena. "Dhahabu ya Taifa," alisema taratibu, "imepotelea katika wilaya yako, Bwana Sadoki."

Bwana Sadoki alikuwa analowa jasho mpaka koti limebadilika rangi. Tusimseme vibaya, naye alikuwa na moyo, na moyo huo wakati ule haukuwa sabini na mbili hata kidogo. Alikitwaa kichupa kutoka kwenye kigari kwa mikono yake mwenyewe. Hakuweka vidole juu ya redio. Hakukuwa na muda.

"Hana dozi ya kutosha," alisema akibabaika. "Ni kosa dogo la utekelezaji. Linarekebishika hapa hapa."

Bi Sikudhani alimrukia. Walimshika, watu wazima wenye tai, mmoja akimwomba radhi huku akimkaba. Alipiga kelele kwamba yeye ndiye aliyekuwa anavimeza, kwamba wampe yeye vyote, kichupa kizima, na kifuniko. Alimwita Pelagia, na Pelagia aliuelekeza uso wake ukutani. Aliuita mkono wa Mlezi. Aliita kila jina alilolijua. Msaidizi wa Mlezi aliuliza huyu mama ana nini, akaambiwa ni furaha.

Mzee Mbaruku alimeza kimoja baada ya kingine, kwa sababu kila alipofunga mdomo waliubana mkono wa mkewe. Jicho lake lilikuwa kwa Bi Sikudhani muda wote.

*

Asubuhi iliyofuata Bi Sikudhani aliegemeza sikio kwenye kifua cha mumewe. Akasoma dua moja, akaimaliza. Akasoma nyingine. Akasoma zote alizofundishwa utotoni, na alipozimaliza akaanza kusimulia tu, habari za siku walipooana, habari za Hidaya alipoota meno, akiamini kwamba moyo ule hauwezi kukosa adabu ya kuitikia. Haukuitikia. Kifua kilikuwa kimeanza kupoa.

Redio ililia baragumu. "Mapigo ya Taifa asubuhi ya leo ni sabini na mbili. Narudia, sabini na mbili."

Pelagia aliingia na kigari, akasimama. Alifungua mdomo kusema pole, akakumbuka kwamba pole ya msiba bila msiba kutangazwa ni uchochezi, akaufunga. Nyuma yake waliingia Bwana Sadoki na Msaidizi wa Mlezi, ambao walikuwa wamelala wilayani makusudi ili kuona matokeo.

"Amekufa," Bi Sikudhani aliwaambia. Hakulia. Machozi yalikuwa yameisha. "Nipeni mume wangu nikamzike."

"Mama," Bwana Sadoki alisema kwa upole, "redio umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Imesema ngapi?"

"Baba, mguse. Mguse tu. Amekuwa baridi."

"Mama, ili tukupe kibali cha kuzika ni lazima Mapigo ya Taifa yafike sifuri. Na hilo, hata kulifikiria, ni uhaini. Mimi sijakusikia." Alikisogelea kitanda. Macho ya Mzee Mbaruku yalikuwa wazi, yameielekea taa, na Bwana Sadoki aliyatazama kwa muda, kisha uso wake ukachanua. "Mheshimiwa! Hebu yaone haya macho! Anaona kwa wingi hata maneno yamemwishia!"

Msaidizi wa Mlezi alisogea, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mlezi atafurahi," alisema. "Asikose dozi hata siku moja."

Pelagia alijaribu. Meno ya mzee yalikuwa yamekwisha kukaza. Aliwageukia wakubwa, kidonge kiganjani, asijue la kufanya, na Bwana Sadoki, ambaye siku hiyo bahati ilikuwa yake, alilitatua jambo papo hapo. "Mke wake si yupo? Kwa kauli yake mwenyewe, jana mbele yetu, alikuwa akimmezea. Aendelee."

Bi Sikudhani alipewa. Alimeza. Hakuona sababu ya kukataa, wala ya kukubali. Alikaa ukingoni mwa kitanda na mkono wa mumewe mapajani mwake, ule wenye utepe, na kwa mara ya kwanza tangu sheria ipite aliikata ile lakiri kwa kucha, akaweka vidole kwenye mshipa. Hakuna aliyemzuia. Hapakuwa na kitu cha kupima.

Kisha aliinua macho. Taa ilikuwa imevaa kilemba cha manjano, chenye kung'aa, kikubwa na kizuri. Vidonge vya siku zile zote vilikuwa vimefanya kazi yao. Basi ndiyo hii aliyokuwa ananionyesha, alifikiri, na mimi nikamwambia hakuna kitu.

Bwana Sadoki alikuwa amemwona akiitazama taa. Alimshika Msaidizi wa Mlezi mkono, wakakaribia wote wawili, wameinama, wamezuia pumzi.

"Mama," alinong'ona. "Na wewe? Unaona nini?"

"Naona mume wangu amekufa," Bi Sikudhani alisema.

Bwana Sadoki aliinuka, akajinyoosha koti. Hakukasirika, alikuwa mtu mwenye subira na wazee.

"Bado hakijamkolea," alimwambia Pelagia. "Mwongezee."

Pelagia aliweka vidole viwili juu ya redio, machozi yakimtiririka, akakifungua kichupa.